Bega pana, bega jembamba: senta ya mguu wa kitanda

Mteja wetu mmoja, naye ni fundi wa vitanda, alirudi na mguu wa mninga, mmoja kati ya minne tuliyomkerezea. Hakugomba. Aliusimamisha juu ya meza ya kazi, akalaza kidole gumba pale kichwa cha mraba kinapoishia na duara kuanza, akasema: "Fundi, upande huu kidole kinakaa, upande wa pili hakikai."

Tukachukua venia, kile kipimo cha milimita. Mbao ilikuwa milimita 75 kila upande, na duara chini ya kichwa milimita 60, kwa hiyo bega, yaani ukingo wa mraba unaotokeza nje ya duara, lilitakiwa liwe milimita 7.5 pande zote. Sisi tulimpa 9.5 huku na 5.5 kule. Tulikuwa tumekosea senta, ile nukta ya katikati ambayo mbao huzungukia kwenye mashine ya kukereza, kwa milimita 2 tu.

Tulimkerezea mwingine bila kumdai senti. Na kwa kuwa wengi wenu mnatuletea mbao ambazo tayari mmezipigia senta nyumbani, afadhali tueleze kwa nini siku hizi tunazipima upya mbele yenu.

Kitu kinachokerezwa chote kikawa duara, kama mchi au mpini wa patasi, husitiri kosa la senta. Mwishoni kitakuwa duara tu. Kinacholiwa ni mbao: ukikosea senta kwa milimita 3, kipenyo kinapungua kwa 6, na ile mbao ya 75 haitoi tena zaidi ya 69. Lakini mguu wa kitanda, mguu wa meza au nguzo ya ngazi hubaki na sehemu ya mraba, na mraba hausitiri kitu.

Njia inayojulikana na kila mtu ni kupiga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Inapokatana ndiyo senta. Ni njia nzuri, ila inataka mbao iliyorandwa sawasawa. Mbao ikitoka msumenoni upande mmoja ni 75 na ule unaoutazama ni 69, mistari itakatana karibu na upande mfupi, kama milimita moja na nusu nje ya katikati. Macho hayaoni. Kwa hiyo sisi hurudia kwa njia ya pili: tunafungua bikari karibu na nusu ya upana, bila kuhangaika iwe nusu kamili, tunapiga mstari kutoka kila upande kati ya zile nne. Katikati hubaki kadirisha kadogo. Senta iko katikati ya hako kadirisha, na kakiwa kamepinda tunajua mbao yenyewe imepinda, inarudi kwenye randa kwanza. Ncha zote mbili hupimwa hivyo. Na ncha iwe imekatwa kwa skwea, maana iliyokatwa mshazari huvuta senta pembeni wakati wa kukaza.

Tafadhali msipige senta kwa msumari. Kwenye mninga au mkongo msumari hufuata nyuzi, unaingia ulipoelekezwa na nyuzi na si ulipoelekezwa na wewe, na tundu likishakuwepo ncha ya senta ya mashine, kile chuma kinachoshika mbao kila mwisho, itatumbukia humo humo hata tukijua ni pabaya. Sisi hutoboa kwa keekee, tundu la milimita 3, kisha tunapitisha msumeno kidogo juu ya ile mistari miwili ili meno ya senta ya mbele yapate pa kushika. Senta hiyo tunaichomoa na kuigonga kwa nyundo ya mti mezani. Kuigonga ikiwa mashineni ni kuua beringi.

Mpingo una mambo yake. Ncha yake ni nyeusi, penseli haionekani, hivyo tunaipaka chaki kwanza. Halafu gogo la mpingo ni nadra kuwa duara. Lina mabonde, na ule weupe wa nje upande mmoja ni mwembamba, upande mwingine mnene. Ukitafuta senta ya gogo zima utaishia na chombo chenye doa jeupe ubavuni. Tunakata duara la katoni lenye kipenyo cha kazi inayotakiwa, tunalisogeza juu ya ncha mpaka lote likae kwenye weusi na kukwepa nyufa, hapo ndipo tunatoboa. Wapo wateja wanaopenda ule weupe ubaki. Semeni mapema.

Kabla ya kuwasha, tunaizungusha mbao kwa mkono huku penseli imeegeshwa kwenye kiegemeo cha patasi. Pembe zote nne zikigusa penseli kwa namna moja, sawa. Ikigusa mbili na kuruka mbili, tunashusha. Dakika mbili tu, na zimeshatuokolea mbao nyingi kuliko darasa lolote la ufundi.

Basi ukituletea kazi, lete mbao iliyokauka, iliyorandwa pande nne, na ndefu kuliko mguu kwa sentimita 4 hivi ili ncha zenye matundu zikatwe baadaye. Mguu ukitakiwa ufike inchi 3 kamili za duara, usilete mbao ya inchi 3. Ikipita kwenye randa haibaki inchi 3. Miguu minne ije pamoja, siyo miwili leo na miwili Ijumaa, na kama una mguu wa zamani wa kuigiza uje nao hata kama umeliwa na mchwa. Kupima senta hatutozi, na ukitaka kusimama uangalie, karibu, ila vaa viatu vya kufunika vidole.