Wosia za zamani zisichanwe baada ya kilio

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu niseme juu ya jambo linaloharibu undugu katika familia nyingi za hapa Lubumbashi, hasa pale marehemu alipoacha lupango (kiwanja chenye nyumba) zaidi ya moja na watoto wa mama tofauti. Kilio kikiisha, sanduku la mzee hufunguliwa, na ndani yake zikapatikana wosia mbili au tatu zenye tarehe mbalimbali. Yule anayependelewa na wosia wa mwisho hutangaza kwamba zile za kwanza hazina kazi tena, akazichana mbele ya wazee, nao wakanyamaza wakidhani ndivyo sheria inavyotaka.

Sivyo. Wosia wa baadaye hushinda ule wa kwanza pale yaliyomo yanapopingana. Mzee akiwa alimwachia binti yake nyumba ya Katuba, kisha katika wosia wa pili akataja shamba la barabara ya Kipushi tu, bila kuandika kwamba anafuta aliyoyasema zamani, neno lake juu ya ile nyumba linabaki. Tena huo wosia wa mwisho unaweza wenyewe kukataliwa mahakamani, kwa kukosa tarehe au sahihi, au kwa kuwa mwandiko si wa marehemu. Hapo wosia uliotangulia ndio unaotafutwa, na kama umekwisha kuchomwa, binti yule atathibitisha haki yake kwa kitu gani?

Pasipo wosia, Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, huwapa watoto robo tatu ya urithi, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua akiwa hai. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu.

Kwa hiyo nawasihi wazee wa familia: karatasi zote, hata zinazoonekana kuukuu, zikabidhiwe likidateri wa urithi, yaani yule anayesimamia na kugawa mali ya marehemu, mbele ya mashahidi, kila upande upate nakala, na ubishi ukizuka mahakama ndiyo iamue wosia upi unasimama. Nanyi wazazi mlio hai, mkibadili nia, andikeni wazi kwamba mnafuta wosia wa zamani, mtie tarehe na sahihi, au mwende kwa noteri (ofisa anayethibitisha hati), ili watoto wenu wasiachiwe kazi ya kukisia mlichotaka.

Msomaji wenu,
Kampemba, Lubumbashi