Arctic Monkeys hawajaishiwa, wamehamia kwenye piano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila bendi ya Arctic Monkeys ya Uingereza inapotajwa kwenye vijiwe vya wapiga muziki hapa Tanga, husikika neno moja: kwamba bendi ile iliisha baada ya albamu ya mwaka 2013 iitwayo AM, na kilichofuata ni kuishiwa. Sasa neno hilo limeanza kuingia hata kwenye kurasa za burudani. Nalipinga, kwa sababu anayelisema amesikiliza kasi peke yake. Ala hakuzisikiliza.

Tuanze na mwanzo wao. Bendi iliundwa mwaka 2002 na vijana wanne wa High Green, pembezoni mwa mji wa Sheffield. Alex Turner na Jamie Cook walikuwa wamepewa magitaa kama zawadi ya Krismasi ya 2001, Matt Helders akashika drams kwa kuwa ndicho kiti kilichobaki, na besi akapiga Andy Nicholson. Nick O'Malley aliichukua besi hiyo mwaka 2006 na hajaiachia mpaka leo. Onyesho lao la kwanza lilikuwa Juni 2003 kwenye baa ya mjini kwao. Walirekodi nyimbo za majaribio, wakazichoma kwenye CD na kuzigawa bure maonyeshoni. Waliozipata wakazipandisha kwenye intaneti, na kabla albamu haijatoka tayari kumbi zilikuwa zikiimba maneno yote pamoja nao. Mwaka 2005 wakasaini na Domino, kampuni ndogo inayojitegemea. Albamu ya kwanza ilitoka Januari 2006 ikauza nakala 363,735 kwa wiki moja Uingereza. Bendi yoyote ya huko haikuwahi kuuza kiasi hicho na albamu yake ya kwanza.

Sauti ya albamu ile ni ya magitaa mawili yanayopokezana, yote makavu, karibu hayana mwangwi. Kiganja cha mkono wa kulia kinazima nyuzi mara kwa mara ili kila pigo likatike. Turner anaimba kwa lafudhi ya Sheffield, bila kuisafisha, kama vile mwimbaji wa hapa angeimba Kitanga chake bila kujipeleka redioni. Maneno ni mengi na yanakwenda haraka. Ndiyo maana gitaa halipaswi kukwaruza sana. Kosa la wapigaji wetu wanaojaribu nyimbo zile ni kufungua mkwaruzo wa amplifaya mpaka mwisho. Matokeo yake magitaa mawili yanakuwa uji mmoja, mwimbaji anazama, na lawama anabebeshwa fundi mitambo. Weka mkwaruzo chini ya nusu, punguza besi ya gitaa, acha sauti ya kati isimame. Ukiona gitaa peke yake linasikika jembamba, jua uko karibu na penyewe, maana unene utaletwa na besi.

Albamu ya pili, 2007, ni ileile yenye misuli zaidi. Jambo kubwa ndani yake ni kuingia kwa prodyuza James Ford, mtu aliyetoka kwenye muziki wa dansi la mitambo. Jina hilo lishike.

Mgeuko wa kwanza wa kweli ni 2009. Walikwenda jangwani California, kwenye studio ya Rancho De La Luna huko Joshua Tree, wakiwa na Josh Homme wa Queens of the Stone Age, bendi ya roki ya Marekani. Kasi ikashuka, kinanda kikaingia, gitaa likapata mwangwi na giza, na Turner akaanza kuimba kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea. Wapo mashabiki walioikataa albamu hiyo wakati ule. Leo hao hao wanaisifu ya 2013 bila kutambua kwamba isingezaliwa bila ya 2009. Ya 2011, iliyorekodiwa Los Angeles, ni nyepesi na yenye melodia tamu. Sina mengi ya kusema juu yake.

Sasa ya 2013, ambayo wengi wanaiona kilele. Kinachowadanganya wasikilizaji ni kudhani ile ni albamu ya gitaa, kumbe imejengwa juu ya ngoma. Mapigo yake yamechotwa kwenye hip hop na R&B ya Marekani, na gitaa limewekwa juu kama pambo la mlangoni. Chukua wimbo unaoifungua, "Do I Wanna Know?", ambao bendi nyingi za hotelini huujaribu. Unakwenda mapigo 85 kwa dakika. Asiye na mashine ya kuhesabia atazame saa: mapigo 17 kwa sekunde 12. Besi dramu ni nzito, kofi linaanguka kwenye pigo la pili na la nne, na katikati hakuna kitu. Uwazi huo ndio wimbo wenyewe. Mpiga drams wetu hauvumilii. Anaujaza kwa matoazi, kisha anapandisha kasi bila kujijua, na mpaka kiitikio cha pili bendi iko 95. Hapo wimbo umekuwa mwingine.

Gitaa la wimbo huo nalo lina siri yake. Jukwaani Turner amekuwa akilipiga kwa gitaa la nyuzi 12. Katika gitaa la namna hiyo nyuzi zimepangwa jozi sita, na katika jozi nne za chini kila uzi mnene una mwenzake mwembamba uliofungwa oktava moja juu, yaani noti ileile kwa sauti nyembamba zaidi. Kwa hiyo ukipiga noti moja ya chini, zinasikika mbili. Mpigaji wa gitaa la kawaida akiiga vidole vilevile anashangaa mbona lake halina mng'aro. Kasoro haiko kwenye vidole. Mwambie mpiga solo la pili arudie kipande hichohicho freti 12 juu, kwa sauti iwe kama theluthi moja ya gitaa kuu. Asipokuwepo, kinanda kifanye kazi hiyo. Waitikiaji wawe wawili, waimbe kwa sauti nyembamba ya kichwani kama wafanyavyo Helders na O'Malley, wala wasiongeze nguvu. Wakiongeza nguvu sauti inashuka kifuani na ule utamu unakwisha.

Wimbo unaoifunga albamu hiyo, "I Wanna Be Yours", ungepaswa kuwagusa watu wa pwani kuliko wote, kwa kuwa maneno yake ni shairi. Limetungwa na John Cooper Clarke, mshairi wa Salford, naye alilitoa mwaka 1982. Turner alilichukua, akalitia kiitikio na muziki. Sisi tuliolelewa na taarabu hatuhitaji kufundishwa kazi hiyo. Mshairi anaandika, mwingine anatia muziki, mwingine anaimba.

Kuhusu albamu ya 2018, iliyozua kelele zote hizi, jibu liko kwenye fanicha. Meneja wa bendi alimpa Turner piano ya Steinway alipotimiza miaka 30. Akakaa nayo nyumbani Los Angeles, akitunga na kujirekodi kwenye mashine ya tepu ya njia nane. Mtu akitunga kwa gitaa, kodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, hufuata vidole: zinahama umbo lilelile juu na chini ya shingo ya gitaa, na wimbo unatoka na mwendo wa mkono wa kulia. Akitunga kwa piano, mkono wa kushoto unashika besi yake, wa kulia unaongeza noti ya saba au ya tisa kwenye kodi, na melodia inaweza kuzunguka mbali kabla ya kurudi nyumbani. Ndiyo sababu nyimbo za albamu ile hazina kiitikio cha kupiga kelele pamoja. Baadaye bendi nzima na wageni walirekodi ndani ya nyumba ya La Frette, karibu na Paris, na sehemu ya sauti alizojirekodi Turner nyumbani zikabakizwa vilevile. Maneno yanazungumzia hoteli iliyojengwa mwezini, mahali walipotua wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969. Sikiliza besi ya O'Malley humo. Ndiyo inayoongoza, na gitaa linaongea pale tu linapokuwa na la kusema. Sijui utamwitaje mtu aliyefika hapo kuwa ameishiwa.

Ya 2022 ilirekodiwa Butley Priory, jengo la kale huko Suffolk, James Ford akiwa bado kwenye usukani. Imejaa ala za nyuzi za kupigwa kwa upinde. Wako waliosema Turner ameota ndoto mpya. Si mpya hata kidogo: mwaka 2008, akiwa na Miles Kane kwenye kundi lao la pembeni la The Last Shadow Puppets, alitoa albamu nzima yenye okestra, na prodyuza alikuwa huyohuyo Ford. Kwa miaka 14 kitu hicho kilikuwa kikisubiri mlango wa bendi kubwa ufunguke. Na albamu zote sita za kwanza zilishika namba moja Uingereza, ikiwemo ile ya 2009 iliyokataliwa na ile ya 2018 ya "kuishiwa".

Kwa nini nililete hili kwenye gazeti la Kiswahili, na kutoka Tanga? Kwa sababu mji huu una historia ya jambo hilohilo. Black Star Musical Club waliiweka taarabu juu ya gitaa la umeme na gitaa la besi, wakaipa mwendo wa dansi, wakati taarabu ya Unguja ilisimama juu ya udi, kanuni na safu ya fidla. Sauti ya Shakila Saidi ilikaa juu ya besi ile bila kupungukiwa na kitu, na mtindo ukasambaa pwani nzima. Wilson na George Peter Kinyonga walianzia Jamhuri Jazz hapa Tanga katikati ya miaka ya 1960, wakaenda Arusha mwaka 1970, kisha Nairobi mwaka 1971, na huko wakawa Simba Wanyika. Ukisikiliza magitaa ya Jamhuri Jazz kisha ya Simba Wanyika, undugu unausikia na tofauti unaisikia. Hatusemi walipotea walipopita Namanga.

Ombi langu kwa waandishi wako wa burudani ni dogo. Wanapoandika kwamba bendi imebadilika, watuambie imebadilika wapi: kasi imekuwa ngapi, nani amekaa kwenye kiti cha prodyuza, wimbo umetungwa kwa ala gani, sauti ya mwimbaji imepanda au imeshuka. Neno "wameishiwa" halimsaidii msomaji, na kijana anayejifunza muziki Ngamiani halimsaidii kabisa.

Na kwa bendi zinazotaka kuzijaribu nyimbo za karibuni: msianze na gitaa. Anzeni na piano na besi peke yake, mizunguko minne, drams zikiwa kimya. Kinanda kiache noti za chini kabisa, la sivyo zitagombana na besi, hasa kwenye kumbi zetu za kuta za saruji na paa la bati ambako sauti nzito hujirudia na kuvimba. Fundi mitambo apunguze kidogo maeneo ya hezi 250, yaani sauti nzito inayovimba, kwenye kinanda na gitaa, besi aiachie. Safu ya nyuzi mkiikosa, fidla mbili za taarabu zinatosha: moja ishike melodia, ya pili ikae chini yake kwa noti ndefu. Drams ziingie mwisho, kwa brashi, na gitaa lingoje mpaka liitwe.

Wako,
Mpiga besi,
Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.