Kwako mdogo wangu, uliyeuliza nacheza nini siku hizi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Maneno matano tu baada ya miezi 14: "Unacheza nini siku hizi, dada?" Nilianza kukujibu palepale kwenye simu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mpaka jibu likawa refu mno kutumwa kama ujumbe. Basi nakujibu hapa, mahali ninapoandikia maoni yangu kuhusu gemu, kwa sababu najua unapita na kusoma hata kama huachi neno. Wengine mtakaosoma, mtuvumilie.

Nacheza Silksong. Ulitegemea nicheze nini kingine?

Gemu hii tuliingoja pamoja tangu Februari 2019, walipoitangaza watengenezaji wake, wale watu wachache wa Team Cherry kule Adelaide, Australia. Kila yalipofanyika maonyesho ya gemu mpya tulikesha kwenye simu, wewe na hedifoni zako zenye upande mmoja bovu, tukiambiana leo lazima itatajwa, na isitajwe. Ikatoka tarehe 4 Septemba 2025. Maduka ya mtandaoni yakalemewa na watu waliotaka kuinunua dakika ileile. Nilikaa mbele ya skrini nabonyeza, haikubali, nabonyeza tena, na sikuwa na mtu wa kumuuliza "kwako imekubali?" Miaka sita na nusu ya kungoja wawili, nikaifungua peke yangu. Nilichukua simu mara mbili usiku ule. Na wewe simu unayo.

Haya, maoni yangu, kama tulivyozoea kila Jumamosi.

Hornet, shujaa wa Silksong, ni mwepesi kuliko yule shujaa wetu wa Hollow Knight, gemu iliyotangulia ya 2017. Pigo lake la kwenda chini linakwenda mshazari, na hilo lilinitesa siku tatu nzima, maana vidole vyangu vilikuwa bado vinaishi 2017. Baadaye nikapata ile nembo ya Wanderer inayorudisha pigo la kushuka wima, na nikaweza kupumua. Kinachonivutia zaidi ni namna anavyojitibu. Anakusanya hariri kwa kupiga adui, na ikishatosha anajifunga, hata akiwa hewani, na kupona vinyago vitatu, ndivyo vipimo vya uhai wake, kwa mpigo. Katika gemu ya kwanza ulikuwa unajiponya kinyago kimoja kimoja, unaiba nafasi, unakimbia. Hapa unaweka akiba yako yote mezani kwa mara moja. Ukikatizwa, umebaki mikono mitupu. Nimelipenda hilo kuliko nilivyotarajia.

Nisichokipenda ni hesabu ya mwanzo. Unaanza na vinyago vitano, halafu maadui wengi wanaondoa viwili kwa pigo moja. Mapigo matatu, umekufa. Na baadhi ya viti vya kupumzikia vinadai shanga, ndizo pesa za humo, kabla ya kukuruhusu kukaa, wakati shanga zako zimebaki kule ulikofia. Mtu akiniambia huo ni uchoyo, sitabishana naye.

Wewe ungebishana. Nimesikia kwa mtoto wa mjomba ulivyosema: wanaolalamika kuhusu Silksong waende wakacheze kilimo. Kilimo. Neno hilo hukulichagua kwa bahati mbaya, na yeye alilinifikishia akiwa hajui amebeba nini.

Nikushauri jambo moja, maana nitabaki dada yako hata tukinyamaziana miaka kumi. Maoni yako huwa yana haraka. Unacheza saa mbili, unatoa hukumu, na hukumu yenyewe inamhusu mchezaji mwenzako, wala si gemu. Team Cherry wenyewe, katika sasisho la kwanza, waliwapunguza makali kidogo mabosi wawili wa mwanzoni, yaani maadui wakubwa, Moorwing na Sister Splinter. Hao nao uwapeleke kwenye kilimo? Celeste, gemu ya kupanda mlima ambayo ni ngumu kweli, tangu ilipotoka 2018 inamruhusu mchezaji kupunguza kasi ya gemu au kujiongezea nguvu. Mimi nilipunguza kasi kwenye sehemu ya mwisho ya mlima, nikafika kileleni, nikalia. Ulipojua ulisema sikumaliza. Machozi yangu yalikuwa ya nani basi?

Lakini nakumbuka pia Malenia, na nikikumbuka siwezi kukukasirikia sawasawa.

Siku nne, si ndiyo? Ulikuwa umekwama kwa yule mwanamke wa Elden Ring anayejiponya kila upanga wake unapokugusa, hata ukikinga kwa ngao. Mimi nilikuwa nimeshaimaliza kwa kumwita Mimic Tear, msaidizi anayeiga umbo lako, anisaidie, na ulinicheka kwa hilo, ila sikutaka kukurudishia wakati ule. Nilikaa kwenye simu usiku nne. Hukutaka ushauri, ulitaka tu nisikate. Nilisikia pumzi yako na vibonyezo vya kontrola, kisha kimya, kisha "tena". Usiku wa tatu nilisinzia na simu sikioni, nikaamshwa na wewe ukisema, "Dada, upo?" Nikasema nipo. Alipoanguka hatimaye hukupiga kelele. Ulisema "asante" kwa sauti ndogo sana. Hiyo asante ninayo mpaka leo, na ndiyo inayofanya lile jingine liniume zaidi. Mimi nilikungojea usiku nne kwa jambo ambalo halikuwa langu.

Wewe ulishindwa siku tatu.

Shamba letu la Stardew Valley, ile gemu ya kilimo, lilikuwa kwenye mashine yako. Ndivyo gemu ile ilivyo: mkicheza wawili, faili ni la yule aliyeanzisha. Mgeni ana kibanda, ana kitanda, ana sanduku, lakini mwenyeji asipofungua hana pa kuingilia. Sikuliwaza hilo hata mara moja tulipoanza. Kwa nini ningeliwaza? Ulikuwa wewe.

Na siku haiishi mpaka wote muingie kitandani. Unakumbuka nilivyokuwa ninalala mapema, nakungoja, wewe uko mgodini unasema "mwamba mmoja tu"? Saa nane ya usiku wa gemu inafika, unazimia huko chini, tunaamka umeibiwa. Nilikuwa nakufokea. Nilikuwa nafurahi pia, sikukwambia.

Tulikubaliana tangu siku ya kwanza, tulipopewa zile mbegu 15, kwamba tutaufufua ule ukumbi wa kijiji. Kitu kimoja kimoja, furushi kwa furushi, tuwape wale Junimo, viumbe wadogo wa msituni wanaoukarabati. Uanachama wa Joja, lile duka kubwa linalokutengenezea vitu kwa pesa na kuugeuza ukumbi kuwa ghala lake, hatungenunua. Wewe ndiye uliyesema, kabla yangu, kwamba kununua ni kuiruka gemu. Furushi la rangi ndilo lililotukalia: tulikuwa na uyoga mwekundu, alizeti, kombe la baharini lenye miiba, jiwe la akwamarini, hata unyoya wa bata tuliusubiri wiki baada ya wiki. Ikabaki kabichi nyekundu. Dukani haiuzwi mpaka mwaka wa pili. Kwa hiyo kila Ijumaa na kila Jumapili nilikwenda msituni kwa yule mchuuzi wa mkokoteni, maana huwezi kujua ameleta nini.

Ijumaa moja, tarehe 12 ya majira ya baridi, alikuwa nayo.

Ulikuwa mgodini. Sikukuambia. Niliinunua, nikaenda kibandani kwangu juu ya theluji, nikaiweka ndani ya sanduku. Ningeweza kwenda ukumbini na kulifunga furushi siku ileile peke yangu. Nilitaka uwepo. Nilitaka Jumamosi nikwambie "njoo ukumbini, kuna kitu", tusimame pale wawili. Tukalala, siku ikaisha, nikakuaga, nikakwambia nina kazi siku tatu sitaweza kuingia.

Siku tatu.

Niliporudi kulikuwa na kitalu nyumba kizima chenye mimea katikati ya baridi, na ukiniimbia kwenye simu kama mtu aliyeniletea zawadi. Nilikwenda kijijini bila kukujibu. Nilikuwa najua kabla sijafika, lakini nilitembea njia yote, sikukimbia. Ukumbi ulikuwa ghala la Joja. Sarafu 5,000 za uanachama na 35,000 za kitalu. Kwenye mafurushi mengine, yale ya kitalu, tulipungukiwa mazao machache ya kiwango cha dhahabu ambayo yasingeota mpaka theluji iyeyuke, ukachoka kungoja, ukalipa. Nilisimama pale na muda unakwenda, maana tukicheza wawili saa haisimami. Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Ni gemu tu, dada."

Wewe! Wewe uliyeomba nisikate simu usiku nne!

Hilo neno ndilo nisiloweza kulimeza. Ghala ningelizoea. Ungesema "nimekosea" tungeanza shamba jipya usiku uleule, na ningekusimulia habari ya kabichi tukacheka. Lakini ulichukua kitu tulichokipa uzito wawili ukakiondolea uzito peke yako, na ukaniacha mimi nikiwa ndiye mjinga aliyekibeba. Kabichi sikukutajia. Leo ndiyo unaisikia. Iko kwenye sanduku, kibandani kwangu, ndani ya mashine yako, kama hujafuta.

Sasa najua unasoma huku unangoja niitaje Outer Wilds. Naitaja.

Kwa wasioijua: ni gemu ya 2019, huna silaha ya kuboresha wala ngazi ya kupanda, na kila baada ya dakika 22 unarudishwa mwanzo. Unachobaki nacho ni ulichokijua. Ndiyo maana mtu huicheza mara moja tu maishani, na ndiyo maana sitasema zaidi ya hapo. Mdogo wangu aliianza wiki mbili baada ya mambo ya shamba. Aliniandikia, "Naanza Outer Wilds, usiniambie kitu." Siku nne baadaye nikamtumia maoni yangu, marefu, na ndani yake mlikuwa na kile ambacho hatakiwi mtu kuambiwa.

Nilikwambia nilidhani umeshaimaliza. Kila aliyeniuliza nilimjibu hivyohivyo, mama pia. Nilijua hukuwa umemaliza. Usiku uliotangulia ulikuwa umeniuliza kama ile sayari yenye vimbunga ina njia ya kuingilia, na mtu aliyemaliza haulizi hivyo.

Lakini nisikilize. Sikukaa chini nikapanga. Nilikuwa naandika kuhusu gemu ninayoipenda kuliko zote, na nilipofika sehemu ile vidole havikusimama, na mimi sikuvisimamisha. Wewe ulikuwa na siku tatu za kufikiri, na gemu yenyewe ilikuuliza kama una hakika. Mimi nilikuwa na dakika moja. Tena maoni yalikuwa yangu, nilikuwa na haki ya kuyasema. Na hata hivyo ulibaki na mengi ya kuona: muziki, mwisho wenyewe ulivyo ukiwa ndani yake, ambao hakuna ujumbe unaoweza kuusimulia. Mimi sikubaki na kitu. Mkubwa hutakiwa kuvumilia, ndiyo, nimeambiwa hilo tangu ulipozaliwa. Nimevumilia mengi usiyoyajua. Hilo moja lilinishinda.

Ulipoacha kupiga nilifikiri itakuwa wiki.

Ulisema kwamba nimekuibia kitu ambacho hakinunuliki tena. Ni kweli, na nimekaa na hilo muda mrefu. Kila nikiona mtu anaianza Outer Wilds, anauliza maswali ya mwanzo kabisa, nakuona wewe. Ningeweza kukurudishia ile hali ya kutojua, ningekupa hata yangu.

Silksong niko sehemu ya pili, kule Citadel, nasonga polepole. Usiniambie kitu. Nadhani wewe umeshaimaliza zamani, na nadhani uliimaliza bila mtu kwenye simu. Kama kuna bosi aliyekutesa usiku nne, ningependa kujua ni yupi, lakini uningojee nimfikie.

Ila umeuliza nacheza nini, na jibu lina kitu kingine ambacho sijakiandika popote. Mwezi uliopita nilianzisha shamba. Safari hii faili ni langu. Nilipanda zile mbegu 15 peke yangu, na fundi Robin amenijengea kibanda karibu na bwawa. Kina kitanda kimoja na hakina mtu. Ukiingia muda wowote kitakupokea, hata mwaka ukiwa umeenda.

Nimeacha jana nikiwa nimeshalala, kwa hiyo nikifungua itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, tarehe 14 ya kiangazi, mwaka wa kwanza. Ni Jumapili. Mchuuzi atakuwa msituni mpaka saa mbili usiku, na sijaenda kuangalia ameleta nini.

Dada yako.