Hatua za babu yako

Mwanangu mpenzi,

Uliniuliza kwenye simu, siku ya pili baada ya mazishi, babu yako alikuwa mtu wa namna gani ujanani. Nilishindwa kukujibu, kilio kilinikaba. Wewe umemjua mzee wa bakora, anayeshinda barazani Manundu akipokea salamu. Leo nimetulia, nikuandikie.

Alikuwa mtu wa gengi, kikosi cha kutunza njia ya reli. Aliajiriwa relini mwaka 1963, ule ule ilipofunguliwa njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyuzi, treni za Dar zikapata kufika Korogwe. Kazi yake ilikuwa kutembea. Kila alfajiri alichukua nyundo na spana, akakifuata kipande chake cha reli, anagonga na kusikiliza. Nati iliyolegea ina mlio wake, alikuwa akituambia. Kiangazi alichunga reli isipinde kwa joto. Masika alichunga maji yasizoe kokoto chini ya mataruma. Abiria walipita wamelala, hawana habari kwamba kuna mtu amewatangulia hapo.

Kukanyaga mataruma miaka yote hiyo kulimpa mwendo wa peke yake: hatua fupi, zote sawasawa, hata akiwa kwenye lami. Usiku tulizitambua kabla hajafika mlangoni. Akiingia, hata chakula hajagusa, alipita na koroboi akitugusa nyayo, mmoja baada ya mwingine, watoto sita. Tulijifanya tumelala ili atuguse.

Nisikufiche na lililoniuma. Masika moja nilishikwa na malaria, homa ikapanda nikawa naweweseka. Bibi yako akatuma mtu amwite. Hakuja, maji yalikuwa yamekula tuta na treni ilikuwa njiani. Alirudi kumekucha, matope hadi kiunoni, akaketi sakafuni kando ya mkeka wangu, ameushika mguu wangu mpaka adhuhuri. Hakusema neno. Nilimwekea kinyongo miaka mingi, mwanangu, mpaka nilipokuzaa wewe, nikawa nakuacha kwa jirani alfajiri ukilia, niwahi sokoni.

Alipostaafu hakuacha kutembea. Aliuzunguka mtaa kila asubuhi: kwa mgonjwa, kwa mjane, kwa yule kijana aliyefiwa na mkewe. Akiona bawaba imeachia, kesho yake anarudi na misumari. Ndiyo maana siku ya mazishi watu walijaa mpaka barabarani, na wengi sikuwajua.

Treni ya abiria ilikuwa imekoma miaka mingi. Iliporudi, Desemba 2019, alioga mapema, akavaa koti lake, akaniambia nimpeleke stesheni. Watu wakapiga vigelegele, wakayapungia mikono mabehewa. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza magurudumu. Nilimshika mkono, ulikuwa unatetemeka. Akasema, "Njia imeshika."

Dua ya arobaini itasomwa nyumbani, na ndugu zako wote watakuwepo. Najua basi lina haraka zaidi, lakini kama ratiba itakubali, safari hii njoo kwa treni. Ukishapita Mnyuzi usilale, kaa dirishani. Kuanzia hapo mpaka Korogwe ndicho kipande chake.

Nitakuwa stesheni nakusubiri.

Mama yako