Deo, naomba chumba cha chini

Mwanangu Deo,

Ujumbe wako tumeusoma mimi na mama yako, na picha tumeziona. Hongera kwa kukabidhi tasnifu. Profesa kuwalipia wanafunzi wake usiku mbili kwenye hoteli ya kihistoria si jambo dogo, na watu wa jumuiya nimeshawaambia, walioniuliza na ambao hawakuniuliza. Lakini nyumba ile ni ya mbao. Umeandika mstari mmoja tu, "yote mbao Baba, hadi ngazi", ukaweka na kikatuni cha kucheka. Mimi sikucheka.

Mnalala ghorofa ya ngapi?

Hiyo hoteli yenu, Walaker, nimeisoma. Familia moja, pale pale kijijini Solvorn, Norwe, kando ya maji, inapokea wageni tangu mwaka 1690. Huku kwetu Mjerumani alikuwa bado karibu miaka mia mbili afike. Zamani msafiri alishuka kwenye mashua, akapata chakula na kitanda, kesho yake akatafutiwa farasi wa kuendelea na safari. Watu wanaoshikilia kihamba chao, shamba la ukoo, kizazi baada ya kizazi namna hiyo nawaheshimu bila hata kuwaona. Kaka zako wangejifunza kitu. Na wewe pia, maana nikikuuliza unarudi lini unanijibu habari za PhD.

Haya, heshima iko palepale, na mbao inaungua palepale. Sisi watu wa Rombo tuliokuwa watu wazima mwaka 1994, bweni la wasichana la Shauritanga lilipoungua, unatujua, sina haja ya kulieleza, na ukipiga simu usilitaje kwa mama yako. Nasema tu hivi: nasikia Wanorwe wanapenda kuwasha mishumaa mezani hata umeme ukiwepo. Na mwezi huu wa sita huko usiku wenyewe haufiki kuwa giza, sasa mshumaa wa nini? Ukiona watu wameondoka mezani na mshumaa unawaka, uzime wewe. Usione haya. Wakikushangaa waambie baba yako ni mzee.

Najua utanijibu kwa lile kanisa la Urnes, ambalo mtavuka kwa feri kwenda kuliangalia. Mbao tupu, limepakwa lami ya msonobari, limesimama tangu karne ya 12, UNESCO wakaliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Nalo nimelisoma. Yale nakshi ya wanyama waliosokotana ukutani ni ya zamani kuliko kanisa lenyewe, kayaangalie vizuri, fundi aliyechonga vile anastahili mtu asimame. Lakini makanisa ya namna ile yalikuwa mamia nchi nzima, leo yamebaki 28. Mengi yalibomolewa tu, sawa, nakubali, sikudanganyi. Na hili la Fantoft hapo Bergen, karibu na bweni lenu? Lilichomwa moto Juni 1992 likaisha. Mnalopita kila siku limejengwa upya. Ile picha uliyotutumia Pasaka ukiandika "kanisa la kale" ni ya jengo changa kuliko dada yako. Msomi wa shahada ya pili, hukuuliza.

Na mji wa Lærdalsøyri, ambao hauko mbali na huko mnakokwenda. Januari 2014 nyumba moja ilishika moto usiku, upepo ukausambaza, majengo kama 40 yakateketea, na baadhi ni ya zamani. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, lakini hakufa mtu kwa sababu watu walitoka mapema. Ålesund nao waliungua Januari 1904, watu kama elfu kumi wakakosa pa kulala, na walipojenga upya katikati ya mji hawakurudia mbao. Hao ndio walioelewa.

Kuhusu njia. Basi la kutoka Bergen linapita handaki la Gudvangen, ambalo lori liliwaka moto ndani mwaka 2013 na watu wengi wakanaswa kwenye moshi, halafu handaki la Lærdal lenye kilomita 24 na nusu, refu kuliko handaki lolote la magari duniani. Nikamwambia mama yako ni heri mpande boti hadi Sogndal. Akaniuliza kina cha maji ya fiodi ile, huo mkono wa bahari unaoingia kati ya milima, ni kiasi gani. Nikatafuta. Ni zaidi ya mita 1,300. Basi pandeni basi.

Mkifika, kabla ya kufungua begi, tembea kutoka mlango wa chumba chako mpaka mlango wa nje, uhesabu milango njiani, maana kwenye moshi macho hayana kazi, utakwenda kwa mkono. Viatu viwe chini ya kitanda. Simu usiichaji ukiwa umelala. Zimamoto ya kule ni 110, si 112, hiyo ni ya polisi. Omba chumba cha chini, na kama vimejaa, badilishana na mwenzako. Nina hakika hao wenzako wanataka juu waone maji. Najua nyumba zote za huko sheria inazilazimisha ziwe na king'ora cha moshi. Kifikie, kitazame kama kina taa.

Na usalimie wenye nyumba kwa heshima, uwaambie kwenu pia tunajua maana ya kukaa mahali pamoja. Bia usizidishe. Chakula maliza.

Sasa usinirudishie habari ya soketi ya sebuleni. Ndiyo, bado inatoa cheche ukichomeka pasi. Ndiyo, hela ya fundi uliacha Desemba. Hela ile ilimlipia mtoto wa Flora ada, alikuwa ameshafukuzwa shule, ningefanyaje? Mama yako pasi anachomeka chumbani siku hizi. Fundi Shirima nimeshamwambia, amesema waya zote za upande ule zibadilishwe, si soketi peke yake, na bei aliyotaja nitakutumia tukipunguziana. Sikuombi. Ila nyumba hii ni ya mtoto wa mwisho, na mtoto wa mwisho ni wewe, kwa hiyo ni vizuri ujue inahitaji nini.

Kahawa mwaka huu imechanua vizuri juu, huku chini ya mfereji imenyauka. Ng'ombe amezaa, jike, mama yako amekwenda nalo mbio mpaka kwa jirani kulitangaza. Maziwa ni mengi kuliko tunavyoweza kunywa. Anasema hapo hotelini wakikupa lile jibini la kahawia ule mwenyewe, la Desemba bado lipo kwenye friji na hakuna aliyelimaliza, hata watoto wa Flora.

Tuma namba ya simu ya hoteli.

Baba yako