Uchungu wa bia zetu unaingia moto ukishazimwa

Mhariri, salamu nyingi kutoka Jinja.

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji wenu aliyelalamika kwamba bia za sisi wapikaji wadogo ni chungu kama mululuza, yale majani machungu ya dawa ya malaria, eti tunamwaga hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, bila kupima tukidhani uchungu ndio ustaarabu. Mimi nakubali kwamba chungu zipo, hata mimi nilishauza moja, baa ikanirudishia kegi mbili na mwenye baa akaniambia nizipeleke kwa wagonjwa wa malaria. Ila hiyo sababu ya kumwaga bila kupima siyo kabisa, mimi napima mpaka gramu.

Nilianza na sufuria ya lita 20 nyuma ya nyumba, bia inatoka safi, marafiki wanamaliza wanaomba nyingine. Nikapata tangi la lita 500, nikachukua resipi ileile nikazidisha kila kitu mara 25, kimea, hopsi, hamira, hesabu ya darasa la nne hiyo. Ikatoka chungu mpaka unakunja uso. Mpiko wa pili nikapunguza hopsi za mwanzo, zile za uchungu, nafuu kidogo tu. Nimehangaika weee, kumbe uchungu ulikuwa unaingia wakati nimeshazima moto na nimekaa nakunywa chai!

Iko hivi. Ndani ya hopsi mna alfa asidi, ambayo yenyewe haiyeyuki vizuri, ni joto ndilo linaigeuza inakuwa ule uchungu tunaoujua kwenye bia, na huko kugeuka hakuishi moto ukizimwa, kunaendelea kwa kasi inayopungua mpaka joto lishuke hadi nyuzi 80 hivi ndipo kunakaribia kusimama. Sufuria ya lita 20 ukiitumbukiza kwenye beseni la barafu inapoa haraka, kwa hiyo hopsi za mwisho, zile za harufu, zinaacha harufu na basi. Lita 500 nani atazitumbukiza wapi? Unazima, unazungusha, unasubiri mashapo yatulie katikati, ndipo unaanza kupitisha kidogo kidogo kwenye chila, yaani mashine ya kupoza kwa maji, na maji ya bomba yenyewe saa nane mchana ni ya uvuguvugu, basi hopsi za harufu zinakaa saa nzima kwenye nyuzi 90 na kitu zinatoa uchungu ambao mwenye resipi hakuuandika.

Chukua gramu 500 za hopsi zenye alfa asilimia 10, hiyo ni gramu 50 za alfa. Ukichemsha saa moja tuseme robo yake ndiyo inageuka, gawa kwa lita 500 unapata miligramu 25 kwa lita, yaani IBU 25 (IBU ndicho kipimo cha uchungu wa bia), bia ya kawaida kabisa. Sasa ongeza gramu 500 nyingine za harufu zikae kwenye joto bila wewe kujua, zikigeuka asilimia 10 tu umeongeza IBU 10. Mnywaji hajui IBU, anajua tu leo siyo kama jana.

Siku hizi nikizima napitisha kwenye chila nairudisha tangini mpaka ishuke 80, ndipo naweka hopsi za harufu. Inanila muda na maji, lakini kegi hazirudi. Na ule mpiko uliokwisha kuwa mchungu usiumwage, pika mwingine mpole uchanganye, uchungu ukishaingia hakuna dawa ya kuutoa.

Tena msomaji wetu tofautisha uchungu na ukakasi. Bia ikikukausha mdomo kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, hopsi usizilaumu, hapo mtu alisuuza kimea na maji ya moto kupita kiasi au alisuuza mpaka mwisho kabisa akitafuta lita za nyongeza, maganda ya kimea yakatoa tanini, ambayo ndiyo ukakasi wenyewe. Ubahili huo.

Na wauzaji wa hopsi nao wasikike hapa. Hopsi hatulimi, zinataka siku ndefu za kiangazi cha huko mbali, zinatufikia kwa meli na lori, na alfa inapungua kadiri zinavyokaa kwenye joto na hewa. Kuna duka niliuziwa mfuko uliofunguliwa ukafungwa na selotepu, umekaa kwenye shelfu juani, lebo inasema 10, bia ikatoka kama juisi. Mpikaji akiona hivyo mpiko unaofuata anaongeza kwa kubahatisha, halafu mfuko mwingine unakuja freshi kutoka kwenye friza, na hapo ndipo mnapopata mululuza yenu. Tunachoomba ni kidogo tu: mwaka wa mavuno uandikwe, alfa iandikwe, mfuko uwe umetolewa hewa na ukae kwenye baridi.

Na vyuo vyenye maabara vitufungulie mlango tulete sampuli kwa malipo. Uchungu wa bia unapimwa kwa mashine ya mwanga kwenye nanomita 275, siyo mashine ya ajabu, shida ni kwamba mmoja wetu peke yake hawezi kuinunua. Mimi mpaka leo mashine yangu ni ulimi wa mke wangu, na yeye bia hapendi.

Mpika bia mdogo,
Jinja