Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Saa Zetu na Hewa ya Mikindani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu swali lililorudi mara nyingi ni kwa nini saa kubwa za timazi (uzito unaoning'inia na kubembea) zilizotoka Ulaya huchelewa hapa Mikindani, Mtwara, hata zikishasafishwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililokula muda mwingi wa karakana.

Timazi inayotumia sekunde moja kwenda upande mmoja, ikiwa London, huwa na urefu wa kimahesabu wa karibu milimita 994. Kwetu, digrii 10 kusini mwa ikweta, mvutano wa dunia umepungua kidogo, na urefu unaofaa ni kama 991. Milimita 3 si kitu machoni, lakini kila moja ni sekunde 43 hivi kwa siku, kwa hiyo saa hubaki nyuma zaidi ya dakika 2 kila siku. Mwanaanga Mfaransa Jean Richer alikutana na jambo hilo Cayenne, Amerika Kusini karibu na ikweta, mwaka 1672: saa yake iliyopimwa Paris ilichelewa dakika 2 na nusu kwa siku. Saa hizo si mbovu, na nawaomba msizitangaze hivyo kwa wageni.

Dawa ni nati iliyo chini ya uzito wa timazi. Ikaze ili uzito upande juu, iache saa iende saa 24, linganisha, kisha rekebisha kidogo kidogo. Shika fimbo ya timazi kwa mkono mwingine unapoigeuza nati. Usipofanya hivyo, ile springi nyembamba inayoning'iniza timazi hujipinda, na timazi iliyopinda haiendi sawa tena. Joto nalo lina sehemu yake: fimbo ya chuma huchelewesha saa nusu sekunde kwa siku kwa kila digrii moja ya Selsiasi inayoongezeka.

Hasara kubwa zaidi inatokana na mafuta. Saa kadhaa tulizopokea zilikuwa zimetiwa mafuta ya nazi, ambayo baada ya muda huganda kama gundi, yakanasa vumbi na kuwa msasa. Ncha za ekseli hulika, matundu yake huwa mviringo wa yai, na gia zinaachana meno. Hapo kusafisha hakutoshi, lazima kuweka bushi mpya, yaani vipete vya kuziba matundu yaliyolika. Mafuta ya saa hutiwa tone dogo kwenye tundu la kila ncha, kamwe si kwenye meno ya gia. Na kabla ya kufungua bamba lolote linaloshika gia, springi kuu inayoendesha saa ilegezwe yote kwa ufunguo wake. Ikifyatuka ikiwa imejaa, huvunja meno na kukata vidole.

Saa ya jua uani haina kosa, ingawa hailingani na saa za kawaida. Majira ya Afrika Mashariki hufuata digrii 45 mashariki nasi tuko karibu na 40; kila digrii ni dakika 4, hivyo jua hutufika utosini, kwa wastani, kama saa 6 na dakika 20 mchana.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Naomba mkutano uidhinishe mambo mawili: kununua kipima unyevu na silika jeli ya kunyonya unyevu kwa kila kabati, maana hewa ya chumvi inakula chuma, na mtu mmoja tu azitie ufunguo saa za siku 8 (zinazokwenda siku 8 zikijazwa mara moja), siku ileile kila wiki, kwa sababu springi inapolegea mwendo nao hubadilika.